Matofali Mawili Chini ya Friji

Jumatatu asubuhi Bernadeta alifungua skrubu nne zilizoshikilia friji ndani ya kombi lake, fundi Maneno akashika upande wa pili, wakalitoa polepole kupitia mlango wa nyuma na kulisimamisha barazani. Lilikuwa friji dogo la kutumia gesi ya mtungi, kimo chake hakizidi kiuno cha mtu. Kombi lenyewe Bernadeta alilinunua miaka mitatu nyuma kwa Wazungu wawili, mtu na mkewe, waliokuwa wakizunguka nalo nchi hadi nchi, wakilala humo na kupika humo, mpaka safari yao ikaishia Morogoro. Kitanda alikitoa, jiko akampa dada yake. Friji ndilo lililomfanya alinunue.

Bernadeta alikuwa mtaalamu wa mifugo. Nyumba yake iko Bigwa, pale mji unapoishia na mlima unapoanza, lakini siku zake nyingi alizimalizia vijijini huko juu akichanja kuku. Zipo chanjo zinazovumilia joto kidogo. Aliyokuwa akiitumia yeye haikuwa mojawapo. Ilitaka baridi tangu inapotoka dukani mpaka tone linapoingia kwenye jicho la kuku.

"Fundi, halirudi garini mpaka lijieleze," alisema.

Maneno alikuwa mzee wa miaka sitini na mitano, aliyetengeneza majokofu tangu ujana wake. Akajifuta mikono kwenye suruali. "Friji halisemi, dokta."

"Hili litasema."

Hakuwa anatania. Mwezi wa sita alikuwa amepanda na kombi hilo mpaka Lusangile, kijiji kilichojishikiza ubavuni mwa mlima, akakaa siku nne akichanja kitongoji kimoja baada ya kingine. Kuku mia nne na ushei. Aliyewakusanya akina mama alikuwa Anastasia, au Mama Ezekiel kama wengi walivyomwita, mkulima wa kabichi na karoti, mwanamke mwenye sauti ambayo watu waliisikia wakatii. Alipita nyumba kwa nyumba akisema, safari hii kuku wetu watapona.

Mwezi wa saba kideri kikaingia. Kuku wakaanza kusinzia, wakaharisha kijani, shingo zikapinda. Ndani ya siku kumi mabanda ya Lusangile yakabaki matupu. Anastasia alikuwa na kuku arobaini na mmoja. Alibakiwa na tetea mmoja.

Bernadeta alipopigiwa simu alikwea haraka, akakuta mashimo yanachimbwa na mizoga inafukiwa. Hofu ikamshika, akasema neno ambalo baadaye lilimnyima raha. "Mtakuwa mmeleta kuku wa mnadani ambao hawajachanjwa."

Anastasia alimtazama tu. "Dokta, hapa hakuna aliyenunua hata kifaranga."

Alipoteremka mjini alipita kwa Maneno, ambaye mwezi wa tano ndiye aliyebadilisha mpira wa gesi na kusafisha friji hilo. Mbele ya wateja akamwambia kazi yake mbovu imewaua kuku wa watu. Mzee alichukua spana yake akarudi kwenye kazi aliyokuwa akiifanya. Miezi miwili hawakusalimiana.

Kisha, katikati ya Septemba, simu ikaita. Alikuwa Anastasia.

"Tumenunua vifaranga Dumila, tunaanza upya," alisema. "Wengine hawataki hata kusikia jina lako. Mimi nasema uje Jumamosi ya wiki ijayo. Lakini kabla hujaja, ujue kilichotokea. Ukija hujui, usifungue hilo gari lako."

Siku ileile Bernadeta alikwenda kwa Maneno. Alisimama nje ya karakana mpaka mteja wa mwisho akaondoka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Nilikutukana na sikuwa na ushahidi. Naomba unisamehe. Na naomba unisaidie nijue kosa ni la nani. Likiwa lako utaniambia, likiwa langu nitalibeba."

Maneno aliviringisha waya mkononi. Halafu akasema, "Jumatatu. Saa mbili. Uwe na pima maji."

Ndivyo walivyofika barazani asubuhi hiyo.

Maneno alifungua bati la nyuma na kuanza kusugua bomba la moshi kwa brashi ya waya. Masizi yakadondoka kama unga mweusi. Akatoa kichomeo, akakiinua kwenye mwanga, akatabasamu. Katika kitundu kinachopitisha gesi kulikuwa na utando wa buibui.

"Huyu hapa mchawi wako," alisema. "Gesi ilikuwa haipiti sawasawa. Tumemaliza."

Bernadeta alikichukua kichomeo akakitazama kwa muda. Moyo wake ulitaka sana iwe kweli. Ingekuwa rahisi jinsi gani kupanda Lusangile na kusema, jamani, ni buibui! Lakini akatikisa kichwa.

"Mara ya mwisho kuliwasha ni mwezi wa sita, Lusangile. Moto uliwaka siku zote nne, nilikuwa nikiuona. Utando huu umejengwa baada ya hapo, friji likiwa limezimwa."

Maneno alikuna ndevu. "Ni kweli," alikubali, na sauti yake haikuonyesha kuudhika.

Wakaendelea. Maneno alipiga povu la sabuni, akalipaka kwenye kila kiungo cha mpira na bomba, wakachungulia kama kuna kinachotoa mapovu. Hakuna. Bernadeta aliweka pima maji juu ya friji, akapachika kipande cha kadibodi chini ya kona moja mpaka kiputo cha hewa kikatulia katikati. Maneno akasema bismillahi, akafungua gesi, akawasha. Moto ukashika, wa buluu, umetulia. Bernadeta akaweka glasi ya maji ndani, akatumbukiza kipimajoto, akafunga mlango.

"Sasa ni kusubiri," Maneno alisema. "Hili halina mota. Linapoa kwa hiari yake."

Saa kumi jioni kipimajoto kilionyesha nyuzi kumi na nne. Jumanne alfajiri, sita. Saa sita mchana, jua la Bigwa likiwa kali barazani, nne. Chanjo ilitaka kati ya mbili na nane. Maneno alipofika na kusoma, alifungua mkoba wake wa vifaa papo hapo.

"Tulirudishe. Friji hili ni zima."

"Hapana."

"Dokta, unataka nini tena? Umetaka baridi, baridi hii."

"Hata mwezi wa sita lilipoa hapa nyumbani," Bernadeta alisema. "Niliondoka hapa chupa zikiwa baridi mpaka vidole vinauma. Kwa hiyo hapa kulipima ni kujidanganya. Linapoa Bigwa. Kuku wamekufa Lusangile."

Akakaa kwenye ngazi ya baraza akaanza kuzirudia siku zile nne kichwani. Kila asubuhi alifungua friji akagusa chupa kwa mkono. Zilikuwa za baridi. Lakini asubuhi za Lusangile kila kitu ni cha baridi, hata sufuria lililolala nje. Mchana hakugusa, alikuwa vitongojini na kikasha kidogo mkononi, na kombi lilibaki limefungwa juani. Lilibaki wapi? Kando ya njia, jiwe nyuma ya tairi, kwa kuwa kijiji kizima hakina mahali pa kuliegesha likakaa sawa. Usiku alilala ndani ya gari juu ya godoro, akawa anateleza kuelekea mlangoni, akilala akiamka anajivuta juu.

Aliinua kichwa. "Fundi, likiinama linakuwaje?"

Maneno alikaa naye kwenye ngazi.

"Mwezi wa tano nilikuambia."

"Uliniambia nini?"

"Nilikuambia hili linapenda kukaa sawa. Ukasema ndiyo, ndiyo, ukawasha gari."

Bernadeta akakumbuka. Alikuwa na haraka ya kuwahi chanjo dukani. Alidhani mzee anamwambia asiligongeshe njiani.

"Mbona siku ile nilipokugombeza hukusema?"

"Ningesema nini? Ya kuwa nilikuambia? Sikuwa na hakika kama ndilo. Na nilikuambia neno moja tu, halafu nikakuacha uondoke. Fundi anapaswa kuhakikisha ameeleweka." Akaonyesha kwa kidole mabomba ya nyuma. "Moto unachemsha dawa ya baridi humu ndani. Inapanda, inapoa, kisha inarudi chini yenyewe, haisukumwi na kitu. Kama mfereji wa shamba. Ukikosea mteremko, maji yanasimama njiani na mboga zinakauka."

Bernadeta alisimama, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na matofali mawili ya kuchoma.

Maneno alielewa, akainua mkono kumzuia. "Sikiliza kwanza. Likiwaka huku limeinama, dawa inaweza kugandia kwenye mabomba, lisipoe tena maisha. Nimeyaona yakifa hivyo. Na leo ni Jumanne. Ukiliua leo, Jumamosi unapanda na nini?"

"Siendi."

"Na utapata wapi jingine kama hili?"

"Sitapata." Alikuwa ameyashika matofali kifuani kama mtoto. "Lakini nikilirudisha bila kujua, nitapanda nikawaambie wale mama kwamba nadhani. Nilishawaambia nadhani mara moja. Inua upande ule, fundi."

Wakainua. Matofali yakaingia chini ya miguu ya upande wa kulia, na kiputo cha pima maji kikakimbilia pembeni kikajificha. Bernadeta akaandika saa kwenye daftari: saba na robo mchana, nyuzi nne.

Saa tisa zilikuwa nyuzi saba. Saa kumi na moja, nyuzi kumi na mbili. Moto ulikuwa uleule, wa buluu, umetulia, na ukiutazama ungeapa kwamba kila kitu kiko sawa. Nyuma bomba lilikuwa la moto kuliko jana, na rangi yake ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Jumatano saa tatu asubuhi kipimajoto kilisoma ishirini na mbili. Walipolisogeza friji juani, kama lilivyokuwa ndani ya gari lililofungwa, kufikia saa saba kilisoma thelathini na moja.

Bernadeta alikitoa kipimajoto kwenye maji akakishika mkononi. Nyuzi thelathini na moja. Kwa siku nne mchana kutwa alikuwa amezichemsha chanjo zile kwa moto wake mwenyewe, kisha akawatia kuku wa watu maji matupu machoni, mmoja mmoja, na akina mama wakamshukuru.

Hakulia. Aliingia ndani, akanawa uso, akatoka.

"Kosa ni langu," alisema.

"Tugawane," Maneno alisema. "Lakini kwanza tuone kama bado lipo hai."

Wakatoa matofali. Wakalirudisha kivulini, wakalisawazisha, wakaliwasha upya. Saa kumi na moja jioni, thelathini. Saa kumi na mbili, thelathini. Maneno akaweka sikio kwenye mabomba. Likiwa zima, alisema, unasikia dawa ikitembea, kama uji unaochemka mbali. Sasa hakusikia kitu.

"Limeziba," alisema.

"Kuna dawa?"

"Ipo moja, ya wazee. Kulipindua. Linakaa kichwa chini usiku kucha, kilichogandia kinaachia. Wakati mwingine linakubali. Wakati mwingine linakataa."

Walizima gesi, wakaliacha lipoe, wakalipindua juu ya magunia mawili. Lilionekana la ajabu pale barazani, miguu juu, kama mbuzi anayesubiri kuchunwa. Alhamisi asubuhi walilisimamisha tena. Bernadeta alitaka kuwasha palepale, Maneno akamkatalia kabisa.

"Subiri saa sita nzima. Dawa ishuke mahali pake."

Alikaa zile saa sita akifanya kazi. Alitengeneza kabari nne za mbao za kuweka chini ya matairi, mbili nene na mbili nyembamba. Alinunua pima maji ndogo, akaifunga kwa skrubu kwenye ubao uleule ambao friji lingekaa juu yake, ili mtu akifungua mlango wa gari kitu cha kwanza kukiona kiwe kile kiputo. Kila baada ya muda alikuwa akienda kulitazama friji, kisha anarudi kwenye msumeno.

Saa nane mchana Maneno akawasha. Saa kumi, mzee aliinama, akaweka sikio, akafumba macho. Akamwita kwa mkono.

Bernadeta akaweka sikio kwenye bati. Mbali sana, ndani sana, kitu kilikuwa kinatokota.

"Alhamdulillahi," alisema Maneno.

Ijumaa alfajiri ilikuwa sita. Saa nne asubuhi, nyuzi nne kamili. Ndipo Bernadeta alipompa Maneno spana. Wakalibeba kupitia mlango wa nyuma, wakafunga zile skrubu nne, wakaunganisha mpira, wakapaka povu tena, wakawasha tena, wakapima tena. Hakuacha hata hatua moja kwa kuwa ilishafanyika barazani. Chanjo aliichukua jioni.

Jumamosi walipanda wote wawili. Maneno alijialika mwenyewe. Alisema anataka kuona mlima huo ulioshinda mkono wake. Lusangile waliwakuta akina mama kama thelathini wamekaa kwenye nyasi mbele ya kigango, kanisa dogo la kijiji. Wengi hawakuwa na kuku mikononi.

"Tumsifu Yesu Kristo," Bernadeta alisalimia.

"Milele amina," wakaitika, bila uchangamfu.

Aliwaeleza amesimama. Hakuzunguka. Alisema gari liliinama, friji likainama nalo, na likiinama halipoi. Alisema alikuwa akigusa chupa asubuhi kukiwa na baridi ya mlima, akadhani ni baridi ya friji. Alisema fundi alikuwa amemwonya na yeye hakusikiliza. "Chanjo niliyowapa ilikuwa imekufa. Niliwasingizia kwamba mmeleta kuku wa mnadani. Haikuwa kweli. Ni mimi."

Maneno akasimama naye, kofia mkononi. "Na mimi nilionya nusu nusu."

Mama mmoja wa nyuma alisimama, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga. Wawili wakamfuata. Bernadeta aliwatazama mpaka wakapotea kwenye migomba, na hakuwaita.

Hatimaye Anastasia akasema, "Kuku wangu arobaini hawafufuki kwa sababu umekiri."

"Najua, Mama Ezekiel."

"Na nilikuwa nimelidhamini jina lako mbele ya hawa wote. Hilo nalo lilikufa."

"Najua."

Anastasia alinyanyuka, akalisogelea kombi lililokuwa limeegeshwa kando ya njia, limeinama kama siku zile. Bernadeta alikuwa amezima gesi mara tu waliposimama, na sasa alikuwa ameshika kabari. Anastasia akachungulia ndani, akaona kiputo kimebanwa pembeni. Akazitazama kabari, akatazama mteremko, akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi kikavu.

"Dokta, huo mlima unataka kuupimia vipande vya mbao? Sisi tunalima wapi, unadhani? Kabichi zetu zinakaa hewani?" Akageuka. "Leteni majembe!"

Hawakuja wote. Wakaja kumi na wawili, na majembe na sururu. Wakauchonga ubavu wa mlima pembeni ya kigango, kama wanavyochonga ngazi za mashamba yao, udongo wa juu ukashushwa chini, ukashindiliwa kwa miguu, mawe yakapangwa ukingoni. Maneno alikimbia huku na huko na pima maji yake, lakini kila alipoiweka alikuta macho ya wale wanawake yameshaona. Kabla ya saa sita palikuwa na kiwanja cha upana wa gari moja, tambarare kama meza. Bernadeta aliingiza kombi. Kiputo kikasogea kikakaa karibu sana na katikati. Akaweka kabari moja nyembamba chini ya tairi la mbele, kikatulia. Akawasha.

Hawakuchanja siku hiyo mpaka saa tisa, kwa sababu Anastasia alikataa. Alitaka kwanza jua lipige gari, aone. Alifungua friji mwenyewe, akatoa kipimajoto, akamwuliza Bernadeta mstari upi ni upi, akasoma kwa sauti ili wote wasikie. "Tano."

Akaenda nyumbani kwake, akarudi na kikapu. Ndani mlikuwa na vifaranga tisa waliokwisha ota manyoya. Alimshika wa kwanza, akamgeuza kichwa jicho likaelekea juu, akamsogezea Bernadeta.

Kaya ishirini na tatu zilileta kuku siku hiyo, kati ya sitini na kitu. Desemba Bernadeta alirudi, zikawa thelathini na nane. Machi, hamsini. Yule mama aliyeondoka bila kuaga hakuleta kamwe, na Bernadeta alipomkuta njiani alimsalimia, akaitikiwa, yakaishia hapo.

Mwezi wa saba uliofuata kideri kilipita tena. Kilianza bonde la pili, kikavuka mto. Lusangile walikufa kuku wa nyumba ambazo hazikuchanja na wachache wa zile zilizochanja. Anastasia alipoteza wawili kati ya thelathini. Alimpigia Bernadeta kumweleza, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, kisha akaongeza kwamba vijiji viwili vya jirani vimeuliza kile kiwanja cha gari kinachongwaje, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda Jumatano kuwaonyesha. Kama dokta ana nafasi, aje na yule mzee wa pima maji.

"Tutakuja," alisema Bernadeta, na akaenda kumtafuta Maneno.